Klabu ya mazingira chuoni: tukifunga tu kila kitu kinarudi palepale, tunakosea wapi?

mvinje_sabaki (Malindi)

Assalam aleikum wadau, na wengine wote habari za jioni. Naomba mnisaidie mawazo manake hili jambo linaninyima usingizi. Mie ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kimoja huku kwetu pwani, jina la chuo naliacha, na ni katibu wa klabu ya mazingira. Yale yote ambayo nimeona klabu za vyuo zikifanya sisi tumefanya. Taka za ufuoni tumeokota, kuanzia pale kwa nguzo ya Vasco da Gama na kuendelea, magunia kwa magunia. Miti tumepanda, ile sikukuu ya kupanda miti ya 13 Novemba 2023 tulitoka alfajiri tukapanda miche 120 nyuma ya madarasa, mwarobaini na mivinje na mikanju kidogo, picha zikajaa kwa simu. Mapipa ya rangi tatu tuliomba tukapewa. Mabango tumebandika kila ukuta, ZIMA TAA, OKOA MAJI, na lile kubwa la mlangoni mwa mesi linasema WANAFUNZI WENGI HUTUPA TAKA OVYO, WEWE USIWE MMOJA WAO.

Na watu wanaitikia, siwezi kusema uongo. Wiki ya kwanza unaona mtu anatoka darasani anarudi kuzima taa, wiki ya pili bado wapo, halafu mitihani inakaribia kila mtu anakimbizana na mambo yake na ile kitu inakufa polepole hivi unaiona. Tukifunga ndio kabisa. Tukirudi wamekuja wa mwaka wa kwanza hawajui chochote, tunaanza tena alifu. Miche ile 120 juzi nimeihesabu mwenyewe mmoja mmoja, imebaki 11, mingine mbuzi walikula, mingine kiangazi kiliikausha hakuna aliyeitia maji.

Kitu kinachoniuma zaidi ni bomba moja nyuma ya hosteli ya wasichana. Mpira wa ndani umekwisha, maji yanatoka uzi mwembamba mchana na usiku, ukitega ndoo ya lita 20 magharibi, alfajiri unaikuta imejaa inamwagika. Juu yake pale pale ukutani kuna bango letu la OKOA MAJI, nililichora mie kwa mkono wangu. Kila nikipita naona kama bango linaniuliza mie.

Tulipoenda kwa wakubwa tukaambiwa tuongeze uhamasishaji. Wallahi tumehamasisha mpaka sauti zimekauka. Sasa swali langu ni hili, mtu atafanywaje mpaka awe anatenga taka, anabeba kikombe chake, anafunga bomba hata kama hakuna anayemtazama, na iendelee hivyo hata sisi tukishahitimu tumeenda zetu? Mwenye uzoefu asininyime.

---

MamaWatatu (Malindi)

Mwanangu nimesoma swali lako nikaona nisipite bila kusema. Mie si msomi, mie ni mfanyakazi wa usafi, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka kumi, sasa niko taasisi moja nayo sitaitaja. Hayo mapipa ya rangi tatu na sisi tuliletewa. Yalikuja siku ya sherehe, yakapigwa picha, hotuba zikasomwa, sisi tuliopaswa kuyamwaga tulikuwa jikoni tunaosha vyombo vya hao wageni. Hakuna aliyetwambia taka za pipa la kijani zinapelekwa wapi na za bluu zinapelekwa wapi. Lori linalokuja ni moja. Kwa hivyo asubuhi nachukua la kijani namwaga, la bluu namwaga, la manjano namwaga, yote shimo moja, na wanafunzi wanapita wanaelekea darasani wananiona.

Siku moja msichana mmoja alisimama kabisa, alikuwa ameshika ganda la ndizi mkono huu na chupa ya maji mkono huu, akawa ananitazama navyomimina. Hakusema neno. Akaja akatia vyote viwili pipa lililokuwa karibu akaenda. Nilisikia aibu mwanangu ingawa kosa halikuwa langu. Tangu siku ile najua kwa nini hawatengi, wanatuona sisi tukichanganya!

Na sheria ipo, ile ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema taka zitengwe, za kuoza mbali na kavu mbali. Lkn kutenga kunaanzia mwisho, kule zinakoenda, halafu ndio urudi huku kwa pipa. Sie mesi yetu ilikuwa na mabaki ya ugali na sukuma ndoo nne kwa siku, kuna mama wa kuku akawa anakuja kuchukua na mkokoteni wake, basi ndoo zile hata siku moja sikukuta kijiko wala karatasi ndani, manake wapishi walikuwa wanamjua yule mama na walijua kuku wake wakila plastiki watakufa. Aliposafiri wiki tatu tu, ndoo zikarudi kuwa jaa.

Kwa hivyo ushauri wangu, hebu uliza klabu yenu ina mfagizi hata mmoja? Ina mpishi? Ina askari wa geti? Nyinyi wanafunzi ni wageni wa miaka minne, sisi ndio tunaobaki.

---

kata_na_birika (Amu)

Mama hapo umenena, Mungu akuweke.

Mimi natoka Amu, yaani Lamu, nimesoma bara nikarudi. Nataka nimpe ndugu yetu mfano wa nyumbani kwetu ambao nilikuwa sijauona mpaka nilipokaa hosteli. Nyumba za kale za Amu msalani kuna birika la maji, na ndani ya birika wazee waliweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, na pembeni limeegemezwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Ukioga unateka kwa kata. Nyanya yangu hakuwahi hata siku moja kutwambia tuokoe maji, hilo neno hata sikulisikia kwake. Ni kwamba kata inashika maji kidogo, na kila ukiteka unaona birika linavyoshuka, na ukilimaliza visamaki vitakufa na nyanya atajua ni wewe. Basi ukioga kata saba nane umetosheka unatoka.

Nilipofika hosteli bara nikakuta bomba la mvua, unafungua linamwaga, huoni yanapotoka wala yanapokwenda, nami niliyelelewa na kata ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nasimama chini ya maji robo saa nafikiria mambo yangu. Tabia yangu njema yote niliiacha msalani kwa nyanya. Nimelifikiria sana jambo hili. Ile adabu ilikuwa imekaa kwenye kata na birika, kichwani mwangu ilikuwa ndogo sana.

Kwa hivyo mie nikiona chuo kinabandika bango juu ya bomba bovu nasikitika, manake kifaa ndicho kinachomfundisha mtu kila siku mara kumi bila kuchoka.

La pili, kuhusu kuokota taka ufuoni. Sisi hapa tuliokota miaka na miaka, taka zinapelekwa jaani, upepo unazirudisha. Mtu alikuwa anachoka. Kilichonibadilisha mimi ni Flipflopi, ile dau ya plastiki. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, tani kama 10, na ubavuni wakalipamba kwa kandambili 30,000, likashushwa majini Septemba 2018, mapema 2019 likasafiri mpaka Unguja kama kilomita 500. Baadaye wakaendelea kuchakata plastiki hapahapa Amu wakawa wanatengeneza hadi viti na vitanda. Kandambili ile unayoiokota unajua ina pa kwenda. Mtoto wa jirani yangu akiona chupa ndiani haipigi teke, anaibeba. Hakuna aliyemhubiria.

---

mtafiti_kilifi

Mjadala mzuri sana huu. Mie nafundisha saikolojia, naongeza kidogo kutoka upande wa utafiti manake yale Mama na dada wa Amu wanayosema kwa maneno yao, kuna watu wamekaa wakayapima.

Kwanza habari ya muda. Phillippa Lally na wenzake kule London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia moja mpya kila mmoja, kama kunywa maji baada ya chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, utafiti ukatoka 2010. Ilichukua wastani wa siku 66 kitu kianze kujiendesha chenyewe, lkn tofauti ilikuwa kubwa, wengine siku 18, wengine hesabu ilifika 254. Sasa hebu piga hesabu ya muhula wenu. Wiki 14 ni siku 98, toa wiki mbili za kujipanga, toa mitihani, unabaki na siku zinazotosha vitu vyepesi tu. Halafu mnafunga miezi kadhaa. Ndio maana unaona inakufa ikiwa bado changa, haijapata mizizi. Na jambo moja la kutia moyo, waliokosa siku moja moja hawakuharibikiwa, waliendelea kujenga. Kwa hivyo mtu akisahau kikombe Jumanne msimwandame.

Pili, na hapa nitakupinga kidogo mvinje, unawalalamikia wa mwaka wa kwanza kwamba wanakuja hawajui chochote. Mie naona hao ndio bahati yenu kubwa. Tabia inashikiliwa na mahali, taa ile ile, njia ile ile, meza ile ile. Mtu akihama mahali, tabia zake za zamani zinalegea kwa muda, na kabla hajajenga mpya kuna dirisha limefunguka. Yule wa mwaka wa tatu ameshazoea kikombe cha plastiki cha kutupa, kumbadilisha ni kazi ya punda. Yule aliyefika jana na sanduku lake hajui hapa chai hunywewa na nini. Akikuta kikombe cha bati pamoja na funguo ya chumba, yeye atajua huku ndivyo kunavyoishiwa. Ndio ile ya mkunje angali mbichi.

Tatu lile bango la mesi liondoeni kesho. Naomba sana. Robert Cialdini na wenzake walijaribu jambo kama hilo kwenye hifadhi moja Arizona ambako wageni walikuwa wanaiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Alama iliyosema wageni wengi wameiba iliongeza wizi. Ukimwambia mtu wengi hutupa ovyo umempa habari kwamba kutupa ni kawaida ya hapa. Na kinyume chake pia kilipimwa hotelini, utafiti wa 2008, kadi iliyosema wageni wengi wa hapa hutumia taulo zaidi ya siku moja ilifanya kazi kuliko kadi ya kuomba watu watunze mazingira. Kwa hivyo semeni kweli iliyo nzuri. Kama wasichana 40 wa hosteli wanabeba vikombe, andikeni hao 40. Msiongeze chumvi.

Na habari ya vikombe, watafiti wa chuo kikuu cha Cardiff kule Wales walijaribu kupunguza bei ya kahawa kwa mwenye kikombe chake, haikusogeza kitu, walipoweka malipo ya ziada kwa kikombe cha kutupa ndio watu wakaanza kubeba vyao. Kuongezewa shilingi tano kunauma kuliko kupunguziwa shilingi tano kunavyofurahisha. Ila kwa wanafunzi wetu wenye njaa ningekwenda taratibu na hilo, bora kwanza vikombe vya bati viwepo mesini vinaoshwa, vya kutupa visiwekwe mezani, anayekitaka aombe.

---

fundi_wa_mjini (Malindi)

Mie nitasema tofauti. Naona wote mnamzunguka mwanafunzi, mwanafunzi abadilike, mwanafunzi azoee, na huyo mwanafunzi hana funguo ya stoo wala hasaini bajeti. Chuo cha Strathmore kule Nairobi waliweka sola juu ya mapaa 2014, kilowati 600, chuo kikawa kinatumia jua, tangu siku hiyo hata mwanafunzi mvivu kuliko wote anawasha taa ya jua. Na sisi huku Malindi jua tunalo la kugawa.

Angalieni mifuko ya plastiki. Miaka mingapi tuliimbiwa msitupe mifuko, tukaimba na sisi, na mifuko ikawa inaning'inia kwenye miti kama maua. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza, faini mpaka milioni 4 au jela miaka minne, asubuhi yake sokoni watu wamebeba vikapu vya ukili. Mamangu alikuwa anasuka hivyo vikapu hauzi hata kimoja kwa wiki, mwezi ule alikosa ukili. Ni kweli bado ipo ya magendo inapitapita, lkn rudi nyuma ukumbuke ule mti wa mkwaju pale stendi ulivyokuwa.

Ila mtafiti amenifikirisha, manake ile marufuku ilifanikiwa kwa sababu kikapu kilikuwepo tayari, hakuna aliyeambiwa abebe unga mkononi.

Sasa hilo bomba. Dada, maji ya Malindi yanatoka Baricho kule mto Sabaki, yanasukumwa na pampu za stima kilomita nyingi mpaka yakufikie, kwa hivyo lile bomba linamwaga maji na linamwaga stima pamoja. Mpira wake ni pesa ya chai na mahamri. Nitumie picha ya kichwa cha bomba nione ni nusu inchi au robo tatu, Jumamosi nina kazi Muyeye nikimaliza napitia hapo nafunga bure. Wewe niombee ruhusa getini tu.

---

mikoko_sita (Lamu)

Fupi tu kwa habari ya miche. Msihesabu iliyopandwa, hesabuni iliyopona. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt, ile harakati ya kupanda miti, 1977 kina mama walikuwa wanapewa pesa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kuchimba shimo, na ndio maana mama alikuwa anaamka kuutia maji na kuuwekea miiba mbuzi asifike. Huku kwetu kwenye mikoko ni vilevile, kaunti yetu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na nimeona vikundi vikija na mabasi, wanachomeka miche kwenye mchanga mahali ambapo mkoko haujawahi kuota tangu dunia iumbwe, wanapiga picha, bamvua la kwanza linabeba yote.

11 iliyobaki kwenu ni mali. Gawaneni, kila mche uwe na vyumba viwili vya hosteli vinavyouangalia, na wakihama waachie wanaoingia. Mche wenye mwenyewe haufi kirahisi.

---

mvinje_sabaki (Malindi)

Wadau nimesoma majibu yote mara tatu, asanteni sana, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Bango la mesi tulilitoa siku hiyohiyo usiku. Mtafiti ulinichoma lkn ulinichoma pazuri.

Mama Watatu, jibu lako nilimsomea mwenyekiti wetu kwa sauti akanyamaza. Kesho yake nikaenda kwa mama anayefagia bloku yetu, miaka mitatu nampita namwambia shikamoo tu, nikamuuliza taka zetu zinaenda wapi. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Shimo ni moja, kama ulivyosema. Akanionyesha na kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alikuwa anakijua, kumbe yeye na mwenzake kwa muda mrefu wamekuwa wakitenga chupa kimyakimya wanaziuza kwa kilo kwa mtu wa mkokoteni, wanazificha ndani ya kibanda cha mafagio wakiogopa kufukuzwa kazi. Yaani klabu ya mazingira ilikuwepo tangu zamani tukaja sisi tukaunda nyingine juu yake. Tumemwomba aingie kamati, amesema atafikiria, kwanza anataka kujua kama pipa la chupa litaendelea kuwa lao au tutalichukua sisi. Tumekubaliana kwa maandishi ni lao. Na mpishi mmoja amekubali mabaki yawekwe ndoo yenye mfuniko, tunatafuta mwenye kuku.

Fundi, wewe sina la kukulipa. Kwa wasiojua, alikuja Jumamosi kweli, akafungua bomba kwa dakika kumi, mpira wa zamani ulikuwa umeliwa mpaka umekuwa kama utepe, akaniwekea kiganjani niuone. Usiku ule niliweka ndoo makusudi, alfajiri nikaikuta kavu. Bango la OKOA MAJI nimelitoa pia, mahali pake nimeandika kwa chaki bomba likivuja mwambie nani, na chumba chake.

Lkn fundi hapa bado sijakubaliana na wewe moja kwa moja. Sola sisi hatuwezi kununua, na tukisubiri mwenye bajeti tutahitimu tukisubiri. Tumeandika barua ya kuomba taa za kujizima zenyewe kwenye korido, tumeipeleka, tunangoja jibu. Huku tukingoja tunashughulika na wa mwaka wa kwanza. Wanaripoti wiki tatu zijazo. Tumehesabu tunahitaji vikombe vya bati 85 kwa hosteli mbili, tumepata 52, vingine vina kutu kidogo tunavisugua na mchanga na majivu. Mwenye vikombe vya zamani nyumbani Malindi au Watamu aniambie hapa tutavifuata wenyewe.

Dada wa Amu, hizo kata bado zinauzwa? Bafu la hosteli ya wavulana halina presha siku nyingi wanaogea ndoo, nilikuwa nafikiria tujaribu.

---

kata_na_birika (Amu)

Zipo, kuna mzee hapa Langoni anazichonga. Nambie ngapi nimwambie aanze, mpini anautafuta mwenyewe kwa hivyo inachukua siku kidogo. Nitazipa gari la Mokowe mpaka Malindi.

---

MamaWatatu (Malindi)

Mwanangu mie nina vikombe sita vya bati kabatini, vya harusi yangu, watoto siku hizi hawavitumii. Na huyo mama mwenzangu mwambie asiogope, kama anataka kuongea na mtu wa kazi yake nitakuja nikae naye. Siku yoyote, ila iwe baada ya saa nane, zamu yangu ndipo inapoisha.